Treni ya Bure ya Nikish

Nilipohamia kwa Madamu Renata, Al Mansoura, ghorofa ya sita, mama yake alikuwa ameshakaa Doha wiki tatu na hajafungua pazia hata siku moja. Alikuwa bibi wa miaka themanini, mpana wa mabega, mikono mikubwa iliyozoea kazi. Alikaa kwenye kiti chake ameupa mgongo mji mzima. Nikimpelekea chai, anakunywa. Nikimuuliza kama imekolea sukari, anatikisa kichwa. Basi.

"Usimchukie," Madamu Renata aliniambia siku ya kwanza. "Alianguka kwenye barafu akavunjika nyonga, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee. Nimemng'oa kwao. Jina lake Gertruda, lakini wewe mwite Oma. Kwao ndivyo bibi anavyoitwa."

Sikumchukia. Mimi ni Sabra, mzaliwa wa Wete, Pemba, na kabla ya hapo nilikuwa Umm Salal, nje kidogo ya Doha, miaka minne, katika nyumba ya watu kumi na mmoja, kazi yangu kufua na kupiga pasi. Sikuteswa. Nalisema hilo kwa sababu nyumbani, ukitaja kazi za ndani za Uarabuni, watu wanakaa mkao wa kusikia mateso. Nilikuwa na chumba changu, nilikula nikashiba. Ila katika miaka minne ile hakuna mtu aliyeniambia jambo lisilohusu kazi. Kwa hiyo kimya cha Oma hakikunitisha. Nilikizoea zamani.

Kilichotufungua vinywa ni shuka. Siku moja nilitoa mashuka kwenye mashine nikawa nahangaika kukunja moja peke yangu, kubwa, la kitanda cha Madamu. Oma aliniangalia kwa muda, akakunja uso kama mtu anayeona chakula kikiungua. Akainuka na fimbo yake, akashika ncha mbili za shuka, nami nikabaki na mbili. Akalivuta kwa nguvu hivi, kisha hivi, mshazari, mpaka nusura anitoe kwenye kandambili zangu. Shuka likanyooka kama limepigwa pasi.

"Magiel," akasema.

Kiingereza alikuwa nacho, cha kuokota, kwa kuwa baada ya mumewe kufa aliwahi kuwapikia vibarua wa Kipolandi kule Uingereza miaka mitano. Changu pia cha kuokota. Tukaviunganisha. Akanieleza kwamba magiel ni mashine kubwa yenye magogo ya kuviringisha, wanawake wanapeleka mashuka yao yanyooshwe pale, na kabla hujampa mwenye mashine shuka lako lazima mlivute wawili namna ile, vinginevyo utachekwa mtaa mzima.

"Mtaa gani?" nikauliza.

"Nikish," akasema. "Nikish, Nikish."

Mimi kwa Kiswahili changu, nikisikia "niki" nangoja kitenzi kifuate: nikishika, nikishuka, nikishiba. Hakikufuata. Ndipo nikaelewa kuwa lile ni jina la mahali. Huandikwa Nikiszowiec, nalo ni eneo moja la mji wa Katowice, kusini mwa Poland, lakini wenyewe hulikata wakasema Nikish tu.

Tangu siku ile hatukunyamaza tena. Kila alasiri, mimi nikimenya viazi au nikikunja nguo, Oma alinitembeza kwao. Hakusimulia ovyo ovyo. Alianzia mlangoni kwao, akashuka ngazi, akatokea uani, kisha akachagua kushoto au kulia. Nikimkatisha kwa swali alisimama palepale tulipofika, akajibu, kisha tukaendelea na safari.

Aliniambia mtaa ule ulianza kujengwa mwaka 1908, wakati sehemu ile iko chini ya Wajerumani, kwa ajili ya wachimbaji wa makaa ya mawe. Waliochora ramani walikuwa binamu wawili. Walipanga majengo tisa makubwa ya matofali mekundu, kila jengo limezunguka na kufunga ua katikati, na kati ya jengo na jengo wakaweka matao ya kupita. Kuta nyekundu, na pembeni mwa madirisha kukapakwa rangi nyekundu pia. Uani palikuwa na tanuri za kuokea mkate na vibanda vya kufugia nguruwe.

"Nguruwe samahani," alinitania kila alipofika hapo.

"Tupite haraka, Oma," nami humjibu. Tukacheka.

Akanionyesha uwanja wa katikati, wenye maduka chini ya matao, na jengo la posta lenye maua ya waridi ya vigae ukutani. Akanionyesha kanisa lenye kuba, lililoanzwa kujengwa vita kuu ya kwanza ikalisimamisha, likaja kukamilika mwaka 1927. Kanisa la Mtakatifu Anna. Nikamuuliza Anna yupi. Akasema mama yake Maria.

"Aa, huyo tunamjua," nikamwambia. "Mama yake Bi Maryamu. Sisi twamwita Hanna."

Oma aliweka kikombe chini akanitazama kama mtu aliyekutana na jirani yake uwanja wa ndege.

Lakini alichokipenda kuliko vyote ni treni. Ilikuwa treni ndogo, ya reli nyembamba, watu waliipa jina Balkani. Ilipita Nikish ikiwabeba wachimbaji kwenda na kurudi kazini, na wake zao, na watoto wa shule, na yeyote aliyetaka kupanda. Haikuwa na tiketi. Ilikuwa bure miaka yote mpaka ilipoacha kutembea mwaka 1977. "Bure!" Oma alinirudia akipiga goti lake. "Wewe niambie, wapi duniani treni ni bure?"

Pazia alilifungua mwenyewe, maana alitaka mwanga wa kunichorea. Baadaye akakubali kutoka. Dereva aliyekuwa akituchukua ni Nassoro, Mtanga, mtu wa maneno mengi. Tulimpeleka Oma mtaa wa Najma, kwenye maduka madogo, akakuta fundi viatu amekaa na nyundo yake, karibu yake fundi cherehani, na mwanamume anauza ndoo na mafagio nje ya mlango. Akasimama akapumua. "Hapa," akasema, "pana watu." Tangu hapo kila Jumamosi tukawa tunaenda Najma bila cha kununua.

"Dada Sabra," Nassoro akaniuliza siku moja garini, "huyu bibi anauza viwanja huko kwao? Maana kila siku nasikia mtaa, ua, posta, kanisa."

"Anauza," nikamwambia. "Mimi nishanunua cha pembeni ya posta."

Tuliishi hivyo miezi kumi na minne, na ilikuwa miezi mizuri.

Kisha, Februari, asubuhi moja, nikisonga unga wa maandazi, nikasikia kikombe kimeanguka. Oma alikuwa ameegemea meza, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia unaning'inia. Nilimlaza chini, nikampigia Madamu, nikapiga gari la wagonjwa. Walifika upesi, Mungu awalipe. Kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu na akapona kifo, alhamdulillahi, lakini alirudi nyumbani hana maneno. Kiingereza kilikwenda chote. Kipolandi kikabaki kipande kimoja tu, "tak", yaani ndiyo, na alikuwa akisema "tak" hata pale macho yake yanaposema hapana.

Akaja dada mmoja wa Kilebanoni, mtaalamu wa matamshi, mpole kabisa. Alileta kadi zenye picha: tufaha, mpira, paka. Madamu akitamka kwa Kipolandi, Oma arudie. Siku ya tatu Oma alizisukuma kadi zote zikaanguka, akaugeukia ukuta. Mtu aliyelea mtoto, akazika mume, akapikia vibarua hamsini, leo anaonyeshwa mpira! Mimi niliona aibu kwa niaba yake.

Madamu alikuwa akitoka kazini anaingia chumbani kwa mama yake, anatoka macho mekundu. Jioni moja aliniita jikoni.

"Sabra, nimepata nyumba ya wazee Poland. Ni mji mwingine, lakini wana wauguzi, na watu wa kuzungumza naye lugha yake. Mimi nashinda kazini. Hapa anazimika."

"Mumeshamwambia?"

"Nitamwambiaje? Hata kama ameelewa sitajua."

Si kazi yangu kumwambia mtu la kufanya na mama yake. Ila usiku ule niliswali nikaomba, na sikuomba kazi yangu ibaki. Nilimwomba Mungu asimwache Oma amenyamaza katika mji asioujua.

Kesho yake asubuhi, Madamu ameondoka, nilivuta kiti nikakaa mbele ya Oma. Sikuchukua kadi. Nikamwambia kwa Kiingereza chetu kilekile, na pale nilipojua neno la kwao nikalitia.

"Oma, twende zetu. Tumeshafunga mlango. Tunashuka ngazi. Tumetoka uani. Tanuri hizi hapa, nani anaoka leo?"

Uso wake uliacha ukuta.

"Haya, tunapita chini ya tao. Tumefika uwanjani. Kushoto kanisa la Bi Hanna."

Akanikazia macho. Kanisa halikuwa kushoto, na mimi nilijua haliko kushoto. Mdomo wake ulitetemeka lakini hapakutoka kitu. Nikaendelea, nikijiuliza kama ninamtesa.

"Mvua imeanza. Hatuwezi kwenda kwa miguu, tupande treni. Ngoja Oma, nitoe pesa, nikate tiketi. Tiketi mbili za Balkani..."

"Nie!"

Ni hapana ya kwao, na aliisema kwa nguvu mpaka mate yakaruka. Mkono wa kushoto ukapiga goti.

"Nie! Dar... dar... darmo!"

Darmo ni bure. Nililijua neno lile, alikuwa amenifundisha mwenyewe. Nikashika mdomo. Yeye pia alishtuka, akatazama huku na huku kama kwamba mtu mwingine ndiye aliyesema. Kisha akalirudia, taratibu: "Darmo." Machozi yakamtoka, na mimi yangu, na tukabaki hivyo, watu wazima wawili, tunalia kwa sababu ya nauli ya treni iliyokufa kabla sijazaliwa.

Tangu siku ile nikawa mwongo. Kila asubuhi nilimtembeza Oma Nikish nikakosea kwa makusudi. Nikasema matofali ya kijivu, akasema mekundu. Nikasema majengo saba, akainua vidole, akatafuta, akatafuta, mpaka tisa likatoka. Nikasema posta imechorwa samaki ukutani. Hilo lilimkasirisha siku nzima, na jioni ndipo alipolileta, nikiwa namvua soksi: waridi. Siku nyingine hayakuja maneno kabisa, tukakaa tu tukatazama magari ya barabarani. Siku nyingine yalikuja matatu kwa mkupuo.

Madamu Renata nilimwambia siku ileile ya kwanza kwa simu. Alifurahi, lakini nadhani hakuamini sana, mpaka Alhamisi moja alipowahi kurudi. Hatukumsikia akifungua mlango. Alisimama ukumbini akatukuta tuko kwenye nguo, mimi, kwa maneno tu, nikimpelekea Oma mashuka kwenye magiel ya Nikish, Oma akinisahihisha nani yuko mbele yetu kwenye foleni.

"Hildka," Oma akasema. "Hildka. Potem my." Hildka, kisha sisi.

Nikageuka nikamwona Madamu. Uso wake haukuwa wa furaha. Ulikuwa umeparara.

"Hildka ni nani?" akaniuliza.

"Jirani wa mlango wa pili, Madamu. Mumewe alikuwa akipiga tarumbeta."

"Wewe unajuaje?"

"Oma aliniambia. Kabla hajaugua."

Akaweka mkoba mezani. "Naomba utuache kidogo."

Nilikwenda chumbani kwangu nikakaa kitandani. Nikajua nimevuka mpaka. Mgeni huingia nyumba ya watu akashika fagio, akashika jiko, lakini mimi nilikuwa nimeshika mama wa mtu. Nikafikiria Umm Salal, nikafikiria kurudi Wete. Nikahesabu nguo zangu za kupanga begini ziko ngapi. Nusu saa hivi, mlango ukabishwa.

Madamu alikuwa analia na kucheka pamoja. Akakaa kitandani kando yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

"Tulihama Nikish nikiwa na miaka minne," akasema. "Baba alipata mgodi mwingine. Mimi nakumbuka ngazi tu, na harufu ya makaa. Mama hakuwahi kunisimulia, na mimi sikumuuliza. Nilikuwa na shule, kisha chuo, kisha kazi, kisha nchi nyingine. Sasa namuuliza Hildka ni nani, ananitazama, hawezi. Wewe unaweza. Sabra, mama yangu Nikish yake amekuachia wewe."

"Sikuchukua, Madamu. Nilikuwa namenya viazi."

Akacheka tena akajifuta pua kwa mkono. "Najua. Njoo unifundishe."

Basi tukawa watatu. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, tulikaa mezani na karatasi kubwa. Mimi nikaeleza, Madamu akachora, Oma akagonga meza tukikosea. Kwa hayo nikayajua mengine ambayo Oma hakuwa ameyafikia. Madamu alitafuta picha za siku hizi akatuonyesha kwenye kompyuta: mgodi ulifungwa mwaka 2018, tanuri za uani zilibomolewa zamani, na pale penye mashine ya kunyoosha mashuka sasa ni makumbusho, watu wanaingia kuangalia. Oma aliitazama mashine yake imewekewa kamba isiguswe. Nilidhani atahuzunika. Akanyoosha kidole, akasema kwa jeuri, "Moja," yaani yangu, kwa lugha yao.

Mtaalamu wa Kilebanoni alikuja, akaona ile karatasi, akatusikiliza robo saa nzima bila kufungua mkoba wake wa kadi. "Endeleeni," akasema. "Sina cha kuongeza isipokuwa mazoezi ya ulimi." Habari ya nyumba ya wazee sikuisikia tena. Siku nyingi baadaye nilikuta karatasi zake kwenye ndoo ya taka, zimechanwa.

Sisemi Oma alipona akawa kama zamani. Mkono wa kulia mpaka leo ni mzito, na sentensi yake ndefu humchosha kama mtu aliyepanda ghorofa sita kwa miguu. Lakini anaomba chai, anakataa uji, anamgombeza Nassoro kwa kukimbiza gari. Kwa mtu aliyekuwa na "tak" peke yake, hiyo ni mali.

Mwaka huohuo, tarehe nne ya Desemba, Madamu alituamsha akiwa amevaa nguo ya kanisani. Akasema leo ni siku ya Mtakatifu Barbara, msimamizi wa wachimbaji, na Nikish asubuhi hii bendi ya wachimbaji hupita mitaani kuwaamsha watu, ingawa mgodi wenyewe umefungwa. Mpwa wa Oma, jina lake Krystian, bado anakaa kule. Madamu alikuwa amepanga naye. Saa mbili asubuhi kwetu, kwao ikiwa bado saa kumi na mbili na giza, simu ikaita.

Tuliweka simu ikisimama juu ya bakuli la sukari. Kwanza tuliona kiza na taa ya njiani. Kisha Krystian akaigeuza, na mimi nikaona tao. Nililijua tao lile. Nikaona matofali, nikaona uwanja, mvuke unatoka kwenye vinywa vya watu. Halafu ikasikika ngoma kubwa, zikafuata tarumbeta, wakatokea wanaume wamevaa sare nyeusi na kofia zenye manyoya, wanapita taratibu. Dirisha moja likafunguliwa juu, mwanamke akapunga kitambaa. Oma aliweka mkono wake mzima kifuani akawa anaimba kwa midomo bila sauti. Madamu alikuwa amepiga magoti chini, kichwa kimelala kwenye mapaja ya mama yake.

Bendi ilipokwisha kupita Krystian akajionyesha uso, pua nyekundu kwa baridi, akamsalimu shangazi yake. Wakasemezana kidogo. Kisha akaniona nyuma ya kiti, na mtandio wangu, akauliza jambo. Madamu alitaka kujibu, Oma akamzuia kwa kiganja. Akapumua, akaanza mwenyewe. Ilimchukua muda, na sote tulingoja, Krystian naye kule amesimama kwenye baridi anangoja.

"To je Sabra," akasema. "Łona zno droga."

Madamu akanitafsiria, ingawa nilikwishaelewa: Huyu ni Sabra. Anaijua njia.

Simu ilipokatika Madamu alikimbilia kazini amechelewa, hata viatu akavivalia kwenye lifti. Tukabaki wawili. Nilitaka kumwambia Oma kwamba katika miaka yote ya ugenini yeye ndiye mtu wa kwanza aliyenionyesha kwao, na kwamba sitalisahau hilo mpaka naingia kaburini. Kiingereza chetu hakikutosha. Basi nikachuchumaa mbele ya kiti chake, nikashika ule mkono mzito, nikamwambia asante kwa Kipolandi. Akasikiliza, akakunja uso, akanisahihisha matamshi, mara tatu, mpaka nikalipata.